Mkasi, Wakati na Utu

Wahenga walisema kwamba macho hayana pazia. Maana yake ni kuwa hapana awezaye kumkataza mwenziwe kutazama. Apitaye njiani huona, na aonaye hana deni. Usemi huu ulifaa sana zama ambazo kila mtazamaji alikuwa mtazamwa pia. Mtu aliyesimama sokoni akimtazama mchukuzi wa mizigo alijua kwamba mchukuzi naye aweza kuinua uso akamtazama, na kwa hivyo wawili hao walikuwa sawa. Lakini jicho la kamera si jicho la namna hiyo. Lina pazia, nalo hufunguka na kufunga kwa amri ya mwenye nalo. Tena nyuma ya pazia uko mkasi, na mkasi ndio uamuao kilichoonekana kiishi kwa muda gani, kikae jirani na nini, na kife lini. Anayetazamwa hana uwezo wa kurudisha mtazamo, kwa maana watakaomwona wako mbali naye, na siku watakapomwona yeye atakuwa kazini kwake, hana habari.

Swali la insha hii ni moja. Je, mtu anayetengeneza picha za wimbo anadaiwa chochote na wale anaowaonyesha? Na kama anadaiwa, deni hilo hulipwa kwa kipimo gani? Nitajaribu kuonyesha kwamba deni lipo, na kwamba sehemu yake kubwa hulipwa kwa wakati. Muda ambao picha ya mtu huachwa mbele ya macho yetu, na umbali ambao kamera husimama kutoka kwake, ni maamuzi ya adili kabla ya kuwa maamuzi ya ufundi. Mfano wangu utatoka Kariakoo, mahali ambapo waongozaji wa nyimbo za Dar es Salaam hupenda kupeleka kamera zao kila wanapotaka kuonyesha mji ulio hai.

Hapana budi tuanze na ufundi, kwa sababu anayehukumu kazi asiyoijua hudhulumu. Picha za wimbo hufanyika kwa vipande. Kipande ni picha inayoendelea bila kukatizwa, na mahali ambapo kipande kimoja hukoma na kingine kuanza ndipo penye mkato. Katika enzi ya utepe wa filamu mkato ulifanywa kwa mkasi na gundi. Leo hufanywa kwa kompyuta, lakini jina limebaki. Televisheni ya nchi yetu hufuata kipimo cha picha 25 kwa sekunde. Wimbo wa dakika tatu na nusu una sekunde 210, yaani picha 5,250. Tuseme wimbo huo una mapigo 120 kwa dakika. Kila pigo litachukua nusu sekunde. Mhariri akikata kila baada ya mapigo manne, kila kipande kitaishi sekunde mbili, na wimbo utakuwa na vipande 105. Akikata kila baada ya mapigo mawili, vipande vitakuwa 210, na umri wa kila kimoja utakuwa sekunde moja.

Katika sekunde moja jicho hutambua gari, saa ya dhahabu, kiuno au moto. Halipati nafasi ya kutambua nia. Kitu hutambulika upesi kuliko mtu, kwa sababu kitu ni kile kinachoonekana, na mtu ni kile anachotaka kufanya. Mchukuzi anayeinama penye gunia, kwa sekunde moja, ni mgongo ulioinama tu. Hatujui kama anainama ili ainue au ili atue. Tofauti ya mambo hayo mawili ni tofauti ya mzigo na pumziko, nayo ni kubwa sana kwake; lakini mkato umekwisha kupita.

Jambo la pili la ufundi ni ujirani. Miaka michache baada ya mapinduzi ya Urusi ya 1917, mwalimu wa sinema aliyeitwa Lev Kuleshov alifanya jaribio ambalo limesimuliwa tangu hapo katika vyuo vyote vya sinema. Alichukua picha ya uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso mtulivu usiokuwa na dalili ya jambo lolote. Uso huo huo mmoja akauweka mara jirani na sahani ya supu, mara jirani na maiti ndani ya jeneza, mara jirani na mwanamke. Husimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji kwa jinsi alivyojua kuonyesha njaa, na huzuni, na tamaa. Uso haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni jirani yake.

Tulilete jaribio hili Kariakoo. Tuchukue kipande cha kijana anayevuta mkokoteni katika Mtaa wa Kongo, jasho likimtiririka. Tukimweka jirani na picha ya mama aliyekaa na mtoto mlangoni, mara moja tutamwona baba. Tukimweka jirani na picha ya mwimbaji anayeshuka katika gari la fahari, tutaona kitu kingine kabisa: tutaona kipimo cha umbali ambao mwimbaji amepanda. Jasho la yule kijana litakuwa limetumika kung'arisha kioo cha gari la mtu mwingine. Hakuna uongo katika kipande chochote. Kijana alikuwapo, na gari lilikuwapo. Uongo, kama upo, umo katika kiungo, mahali pale ambapo hapana picha yoyote. Ndiyo maana ni vigumu kuushika, na ndiyo maana sheria zetu hazijaushika.

Nimeichagua Kariakoo si kwa sababu ya wingi wa watu wake tu, bali kwa sababu ya jina lake. Kila mwanafunzi wa historia ya mji huu anajua kwamba neno hilo limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wachukuzi wa mizigo cha Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916, mahali hapo palitumiwa kuwa kambi ya wachukuzi hao. Walikuwa watu waliotolewa vijijini, wengi bila hiari, ili wabebe risasi, unga na majeruhi wa jeshi katika nchi isiyokuwa na barabara. Walikufa kwa makumi ya maelfu, na maradhi na njaa viliwaua wengi kuliko risasi. Vita vilipokwisha, kambi iliondoka na jina likabaki. Kwa hiyo soko mashuhuri kupita yote katika nchi yetu limeitwa kwa jina la watu waliobeba mizigo isiyokuwa yao.

Sasa twende mwendo mfupi kuelekea bandarini mpaka lilipo Sanamu la Askari, ambalo lilizinduliwa mwaka 1927 kwa kumbukumbu ya Waafrika wa vita hivyo. Juu ya msingi amesimama askari mmoja peke yake, bunduki mkononi, uso ameuelekeza bandarini. Wachukuzi wamo, lakini wamo chini, katika msingi, ambapo maandishi yanawataja. Askari apewe umbo kamili, mwili mzima, juu, peke yake, mahali ambapo kila apitaye atamwona. Mchukuzi atajwe chini, asomwe na yule mwenye nafasi ya kusimama. Uamuzi huo ulikuwa uamuzi wa picha. Alikuwapo mtu aliyeamua nani atazamwe kwa muda mrefu na nani apitiwe. Hakuwa na kamera, bali alikuwa na shaba. Na shaba hukaa kuliko picha yoyote ya televisheni.

Nimeutaja mfano huu ili isidhaniwe kwamba vijana wa leo ndio waliozua tabia ya kumpitia mchukuzi. Tabia ni ya zamani. Lililo jipya ni kwamba leo uwezo wa kuchagua umefika mikononi mwa wana wa mitaa hiyo hiyo. Televisheni za watu binafsi zilipoanza Tanzania Bara katika miaka ya 1990, muziki wa kizazi kipya ulikuwa ukizaliwa, na vitu hivyo viwili vililelewa pamoja. Waongozaji kama Adam Juma walijifunza na kufundisha kazi hii kwa vifaa vichache. Baadaye, katika miaka iliyofuata 2010, wanamuziki wakubwa walianza kwenda nje kutafuta picha zenye mng'ao wa kimataifa. Diamond Platnumz, kijana wa Tandale, alipiga picha za wimbo wake wa Number One nchini Afrika Kusini mwaka 2013, na wengi wakafuata njia hiyo. Sioni kosa katika kusafiri. Lakini safari hiyo ilizaa desturi moja ya kukata: fahari ikapewa vipande virefu, na mtaa wa nyumbani, ulipotokea, ukapewa vipande vifupi vya kuthibitisha asili. Mtaa ukawa cheti cha kuzaliwa, kinachoonyeshwa mlangoni na kurudishwa mfukoni.

Yatazame mambo mawili ambayo kamera huweza kuyafanya kwa wakati. La kwanza ni kuurefusha. Kamera hupiga picha 50 kwa sekunde, kisha picha hizo huonyeshwa 25 kwa sekunde, na tendo la sekunde moja huchukua sekunde mbili. Ili midomo ya mwimbaji isiachane na wimbo, wimbo hupigwa kwa kasi maradufu mahali pa kupigia picha, naye mwimbaji hulazimika kuimba mbiombio kama anayefukuzwa. Picha inapopunguzwa kasi, midomo hurejea katika mwendo wa wimbo, lakini nywele, nguo na hatua zake huelea kama za mtu asiyekuwa na uzito. La pili ni kuufupisha wakati. Kamera huwekwa juu ya ghorofa, ikapiga picha moja kila sekunde. Picha hizo zikionyeshwa 25 kwa sekunde, sekunde 25 za maisha ya watu hupita kwa sekunde moja. Barabara ya Msimbazi ikipigwa hivyo, watu huwa kama siafu. Mchukuzi aliyetua mzigo akapumzika kwa sekunde 25, akafuta jasho, akaupandisha tena, pumziko lake lote limekuwa kufumba na kufumbua.

Basi nauliza: aghalabu ni nani hurefushiwa wakati katika nyimbo zetu, na ni nani hufupishiwa? Hurefushiwa yule anayemwaga kinywaji, anayetembea bila mzigo, anayegeuza shingo. Hufupishiwa yule anayefanya kazi. Mgawanyo huu hauandikwi mahali popote, wala hapana anayeuamuru. Lakini ukijirudia katika wimbo baada ya wimbo, humfundisha mtoto anayetazama jambo ambalo mzazi wake asingethubutu kulisema kwa maneno: kwamba wakati wa mtu asiyefanya kazi una thamani kuliko wakati wa mtu anayefanya kazi.

Yako na mengine. Mwanamke katika nyimbo nyingi huonyeshwa kwa vipande viwili kwa maana zote mbili za neno. Kipande cha kamera kinakatwa, na yeye pia amekatwa: kiuno peke yake, mapaja peke yake, midomo peke yake. Uso wake, kama unatokea, hutokea mwisho, au hutokea bila kuunganishwa na kiuno kilichotangulia, hata hatuna hakika kama ni wa mtu yule yule. Vyombo vyetu vya usimamizi vimeshughulika sana na wimbo na heshima. Mwezi Novemba 2018, kwa mfano, Baraza la Sanaa la Taifa lilifungia wimbo wa Mwanza wa Rayvanny na Diamond Platnumz, kwa hoja ya maneno yake. Katika kesi za picha, malalamiko ya watu aghalabu huwa juu ya nguo: urefu wake, upana wake, wepesi wake. Neno hupimwa, na nguo hupimwa. Lakini mwanamke aliyevaa kanga mbili aweza kukatwa na kamera akabaki kiungo kisicho na mwenyewe, na mcheza ngoma aliyevaa nguo chache aweza kuonyeshwa mzima, na uso wake, na ustadi wake, akabaki mtu kamili. Mwenye kupima nguo peke yake amepima kitambaa. Mtu aliyemo hajapimwa.

Hapa msomaji aweza kudhani kwamba ninaitukana haraka, na kwamba dawa yangu ni kurefusha kila kipande mpaka watu wasinzie. Sivyo. Lugha yetu yenyewe inakataa hukumu nyepesi juu ya haraka. Tunasema haraka haraka haina baraka, na wakati huo huo tunasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali mbili zinazopingana zinapokaa nyumba moja kwa karne nyingi bila kufukuzana, ni dalili kwamba jambo linalozungumzwa si jema wala baya kwa nafsi yake. Kariakoo yenyewe ni mahali pa haraka. Anayeingia pale asubuhi husukumwa, huitwa, huvutwa mkono, huonyeshwa viatu vitatu na nyanya za aina mbili kabla ya kuvuka mtaa mmoja. Mwongozaji anayekata upesi ili tuuhisi msukumano huo hasemi uongo. Anasema kweli kwa lugha ya mahali.

Tena muziki wetu umekuwa na falsafa yake ya mwendo tangu kabla ya picha. Bendi za dansi za Dar es Salaam, kama DDC Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978, zilizoea kuugawa wimbo mara mbili. Sehemu ya kwanza ilikwenda taratibu ili maneno yasikike. Kisha likaja chemko, magitaa yakapanda, na watu wakainuka kucheza. Chemko lilikuwa na haki ya kwenda mbio, kwa kuwa maneno yalikuwa yamekwisha kupewa wakati wao. Siku hizi iko singeli, muziki uliozaliwa katika mitaa ya uswahilini ya mji huu, wenye mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Mhariri akitaka kukata kwa kila pigo la singeli, kipande hakitafika theluthi ya sekunde, nacho kitakuwa mweko tu. Mchezaji wa singeli anayo kasi yote inayohitajiwa mwilini mwake. Kumkatakata ni kumnyang'anya kasi yake na kumkopesha ya mashine. Mcheza ngoma wa Marekani Fred Astaire aliijua siri hii tangu miaka ya 1930; alisisitiza kuonyeshwa mwili mzima, kutoka utosini hata miguuni, kwa vipande virefu, ili watu waone kwamba anayecheza ni yeye.

Kama haraka si kosa, kosa ni nini? Naona jibu limo katika sanaa ambayo sisi wanafunzi wa Kiswahili tunaijua kuliko sinema. Washairi wa jadi, ambao kanuni zao Kaluta Amri Abedi alizikusanya katika kitabu cha mwaka 1954, nao walikuwa watu wa kukata. Walikata maneno kwa mizani, wakakata mishororo kwa vina, wakakata habari kwa beti. Hapana mhariri wa picha aliye mkali kuliko mshairi mwenye mizani nane kila upande. Lakini juu ya kila mkato waliweka sharti: ubeti ujitosheleze. Ubeti uweza kuwa sehemu ya shairi refu, lakini usiwe kilema. Uwe na maana inayosimama kwa miguu yake. Mshairi aliyekatiza ubeti kabla maana haijatimia alihesabiwa kuwa ameshindwa, hata kama vina vyake vilipatana.

Sharti hili la kujitosheleza ndilo ninalotaka kulihamishia katika picha, na kwa kulihamisha ligeuke kutoka kanuni ya ufundi kuwa kanuni ya adili. Nalisema hivi: ukimwonyesha mtu akitenda, mwache amalize tendo lake. Kama anainua gunia, tulione gunia likifika begani. Kama anahesabu chenji, tuione ikifika mkononi mwa mnunuzi. Kama anageuka, tuone alichogeukia. Tendo dogo la sokoni halihitaji dakika. Mengi hutimia kwa sekunde tatu au nne. Wimbo hauwezi kuwakamilishia watu wote, lakini unaweza kumkamilishia mmoja, au watatu. Mtu aliyeachwa amalize tendo lake, hata kwa sekunde nne, amekuwa mtu mwenye shughuli yake, ambaye wimbo umempitia njiani. Mtu aliyekatwa kabla ya kumaliza amekuwa pambo la shughuli ya mwingine. Naona tofauti ya mtu na pambo haipo mahali pengine ila hapo.

Zipo hoja tatu dhidi ya kanuni hii, nazo zastahili kujibiwa.

Hoja ya kwanza ni ya umaskini. Vijana wengi wanaopiga picha Kariakoo wana kamera moja ya kuazima na saa chache za mwanga. Watu hujaa, wengine hupunga mikono, wengine hudai fedha, na kipande kizuri hakizidi sekunde mbili. Mkato mfupi huficha upungufu. Hoja hii ni ya kweli, na anayeidharau hajapata kufanya kazi ya sanaa bila mtaji. Lakini umaskini huo huo haumzuii kijana yule yule kumngojea mwimbaji arudie kushuka garini mara saba mpaka kipande kipate uzuri. Wakati upo, kinachoamuliwa ni autumie kwa nani.

Hoja ya pili ni nzito kuliko ya kwanza. Nani amesema kwamba kutazamwa kwa muda mrefu ni heshima? Mchukuzi wa Kariakoo hakuomba kutazamwa. Yamkini hapendi jamaa zake wa kijijini wamwone chini ya gunia. Mwishoni mwa mwaka 2021 wamachinga walipoondolewa kando ya barabara za mji, kamera ziliwaandama kwa wingi, na sidhani kama wote walioonyeshwa wakikusanya bidhaa zao walijiona wameheshimiwa. Kumkazia mtu macho katika saa ya unyonge wake ni dhuluma, na urefu wa kipande huizidisha dhuluma hiyo. Nakubali. Kwa ajili hiyo sikusema kipande kiwe kirefu. Nimesema tendo litimie. Na kwa ajili hiyo pia hapana budi ruhusa itangulie. Anayeombwa ruhusa hupata kuchagua tendo gani lionyeshwe, na huenda akachagua lile ambalo yeye mwenyewe hulionea fahari. Mchukuzi aweza kukataa kuonyeshwa akiwa ameinama na akakubali kuonyeshwa akipanga mzigo, kazi yenye hesabu na ustadi ambayo wapita njia hawaijui. Hapo kamera imerudishiwa kile ilichokosa tangu mwanzo: mtazamwa anayeweza kutazama nyuma.

Ushahidi kwamba kutazama kwa muda mrefu kwaweza kuwa heshima tunao katika muziki wenyewe. Mwaka 1990 Sinéad O'Connor wa Ireland alitoa picha za wimbo wa Nothing Compares 2 U, zilizoongozwa na John Maybury. Sehemu kubwa ya picha hizo ni uso wake tu, ukituelekea, bila mapambo, na kwenye uso huo machozi yakateremka. Dunia ambayo wakati huo ilikwisha kuzoea mikato ya haraka ilitulia ikamtazama mtu mmoja. Hakudhalilika kwa kutazamwa, kwa sababu naye alikuwa akitutazama.

Hoja ya tatu niliisikia darasani. Mwanafunzi mmoja aliniambia, "Mwalimu, wimbo ni sherehe. Watu wanaujua msongo wa Kariakoo tangu asubuhi. Jioni wanataka kuona bahari na magari. Kwa nini tuwarudishe chini ya gunia?" Ni hoja ya busara, na haijibiwi kwa kulaumu furaha. Muziki una haki ya kuwa ndoto, na maskini ana haki ya kuota kuliko tajiri. Lakini tazama kwamba mwanafunzi huyo anatetea wimbo usiomwonyesha mchukuzi kabisa, nami sina ugomvi na wimbo huo. Ndoto ya bahari iende na bahari yake. Ninaloliuliza ni juu ya wimbo uliochagua kwenda Kariakoo, uliochukua jasho, rangi, kelele na jina la mahali pale ili upate uhai. Aliyekwenda sokoni akachukua bidhaa hulipa, hata kama ameichukua kwa ajili ya sherehe. Na sherehe haifutiwi deni kwa kuwa ni sherehe.

Nalo deni lenyewe si la mwongozaji peke yake. Mkato mfupi huzaliwa na mwongozaji, lakini hulelewa na mtazamaji. Sisi tunaotazama kwenye simu, kidole kikiwa tayari kusukuma picha ijayo, tumekuwa wahariri wa wahariri. Tukiondoka kila kipande kinapofika sekunde ya tatu, hapana mwongozaji atakayethubutu kumpa mtu sekunde ya nne. Kwa hiyo kanuni ya kumwacha mtu amalize inatuhusu sote. Katika masomo yetu tunamfundisha mwanafunzi asomaye shairi asihukumu kabla ya kufika kituoni; tungeweza kumfundisha vilevile asomaye picha. Ajiulize maswali machache: ni nani hapa aliyepewa uso, na ni nani aliyepewa mgongo tu? Ni nani aliyeachwa amalize? Na jirani yake ni nani?

Wachukuzi walioipa Kariakoo jina lake walibeba mizigo ya vita ambavyo havikuwa vyao, na walipokumbukwa waliwekwa chini ya msingi. Hatuwezi kuwapandisha sasa. Shaba imekwisha kuganda. Lakini picha za nyimbo hazijaganda. Kila juma zinapigwa nyingine katika mitaa ile ile, na katika kila moja yuko kijana aliyeketi mbele ya kompyuta, mkono juu ya kitufe cha kukatia, akimtazama mtu aliyeinama penye gunia. Kijana huyo ana uhuru ambao mchonga sanamu wa 1927 hakuutumia. Akingoja kidogo, gunia litafika begani.